Mlango wa Nyuma: Mwanafunzi wa Gisenyi Afundishwa Kuongoza Ukumbi wa Sinema

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Laiti wangaliuona ukumbi wa sinema siku ya Jumamosi, umejaa watu mpaka kizingitini, pengine wangaliongeza neno la pili: kwamba watu bila mlango wa pili nao waweza kupotea bila habari. Maneno hayo mawili, la daftari na la mlango, ndiyo kiini cha makala haya.

Makala yanamhusu kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, aliyejifunza kazi ya kuongoza ukumbi wa sinema kwa mzee mmoja wa mji huo huo. Majina yao hatutayataja, kwa kuwa wenyewe hawakupenda. Tutawaita Mzee na Kijana tu. Askari wa jeshi na wa polisi wanaosoma ukurasa huu wasije wakadhani kuwa habari ya sinema si yao. Wengi wao huketi katika kumbi za namna hii wakiwa likizo, na wengine husimama milangoni mwake wakiwa kazini. Kwa hali zote mbili limo la kujifunza.

MJI WA MPAKANI

Gisenyi uko kaskazini-magharibi ya Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Umekaribiana na Goma, mji wa Kongo, kiasi kwamba mgeni aweza kudhani ni mji mmoja uliokatwa kwa kamba. Kwa miaka mingi watu kwa maelfu wamekuwa wakivuka kwa miguu katika kizuizi kidogo cha mpaka, kile kinachoitwa Petite Barrière, wakiwa na vikapu vya mboga, samaki, nguo na magunia ya unga. Wavushaji hao, wavuvi, wanafunzi, askari na wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1957, ndio watazamaji wa sinema za Gisenyi. Wengi wao husikilizana kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, lakini ambayo sokoni na kambini ilikuwa imekwisha kuzoeleka zamani.

Ukumbi wa Mzee si jumba la fahari. Ni nyumba ndefu ya matofali, yenye paa la bati, mabenchi ya mbao, ukuta mmoja uliopakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya picha, projekta moja ya kisasa iliyowekwa juu ya kimeza kirefu, na spika nne. Ndani mna nafasi ya watu mia moja na arobaini, wala si mia moja na arobaini na mmoja. Kwa nini asizidi hata mmoja, ndiyo habari tunayoielekea.

KIJANA NA UFAGIO

Kijana alikuwa akisoma hesabu za biashara. Alimwendea Mzee akiwa na daftari jipya na kalamu mbili, akaomba afundishwe uongozi wa ukumbi siku za Jumamosi na Jumapili. Alidhani atapewa kiti pembeni ya projekta na kuulizwa filamu gani ionyeshwe. Badala yake alipewa ufagio.

“Mwanangu,” Mzee alimwambia, “anayefagia ndiye ajuaye benchi lipi limevunjika mguu, na waya upi umechunika. Mwenye ukumbi asiyefagia huambiwa habari hizo na majeruhi.”

Kwa majuma manne Kijana alifagia. Alipomaliza kila mara alitakiwa kuandika alichokiona: misumari iliyochomoza, mahali panapovuja mvua, soketi iliyopata joto, na hata maganda ya karanga, kwa sababu maganda yalionyesha watoto walikaa wapi. Mzee alikagua orodha hiyo kama sajini anavyokagua silaha baada ya doria. Lililoandikwa Jumapili lilipaswa kurekebishwa kabla ya Jumamosi iliyofuata, na lisiporekebishwa, benchi au waya ule haukutumika.

Pia alijifunza kalenda, jambo ambalo hakudhani kuwa ni sehemu ya kazi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, siku ambayo wananchi hutoka kufanya kazi za pamoja, na ukumbi haufunguliwi wakati huo. Juma linaloanza tarehe 7 Aprili ni juma la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika juma hilo hakuna starehe. Siku za shule, mchana, mtoto mwenye sare haingii hata kama ana fedha mkononi. Mzee alikuwa akisema kuwa ukumbi unaotaka kudumu hauna budi kuishi na mji wake, si kuishi juu ya mji wake.

HESABU YA TIKETI

Baada ya ufagio likaja daftari. Kazi ya tiketi ni nyepesi kueleza na ngumu kuisimamia. Kila tiketi ina namba, na kila tiketi ina vipande viwili: kimoja huchukuliwa na mtazamaji, na cha pili hubaki kitabuni. Kabla ya onyesho huandikwa namba ya tiketi ya kwanza. Baada ya onyesho huandikwa namba ya tiketi ya kwanza ambayo haikuuzwa. Ukitoa ile ndogo katika ile kubwa unapata idadi ya watu, na ukizidisha kwa kiingilio unapata fedha zinazopaswa kuwamo sandukuni.

Jumamosi ya kwanza Kijana alianza na tiketi namba 301, na ile iliyobaki bila kuuzwa ilikuwa namba 412. Watu mia moja na kumi na mmoja, kwa faranga mia mbili kila mmoja, ni faranga 22,200. Sandukuni zilikuwamo 21,800. Zilipungua mia nne. Kijana akataka kuzitoa mfukoni mwake ili mambo yaishe.

Mzee alikataa. “Ukilipa bila kujua zilikokwenda,” alisema, “leo umelipa mia nne, mwakani utalipa ukumbi mzima. Nenda katafute.”

Kijana alikaa akikumbuka mtu mmoja mmoja. Hatimaye alikumbuka kuwa aliwapa tiketi ndugu wawili wa rafiki yake, wakamwahidi kulipa wakitoka, wakatoka kabla ya taa kuwashwa. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na huruma isiyoandikwa. Mzee hakumkaripia. Alimwonyesha safu nyingine daftarini, iliyoandikwa “bure”, na kumweleza kuwa mwenye ukumbi ana haki ya kumwingiza mtu bure, yatima, mgonjwa au mgeni, lakini na huyo apewe tiketi na aandikwe. Kumwandika si kwa ajili ya fedha tu. Namba ya tiketi ndiyo pekee inayomwambia kiongozi wa ukumbi kuna roho ngapi ndani.

MTAMBO WA ZAMANI NA WA SASA

Usiku mmoja umeme ulipokatika na watazamaji wakingoja jenereta, Mzee alimsimulia Kijana kazi ilivyokuwa ujanani mwake, alipokuwa msaidizi wa mtu aliyeendesha mtambo wa filamu za mkanda. Picha ishirini na nne zilipita mbele ya taa kila sekunde moja. Mkanda ukikwama, joto la taa liliuchoma papo hapo, na watazamaji waliona doa la kahawia likitanuka ukutani. Mikanda ya zamani zaidi, iliyotengenezwa kwa nitreti hadi takriban mwaka 1951, ilikuwa ya hatari hata kuigusa: ilishika moto upesi mno, na moto wake haukuzimika kwa maji.

Afrika Mashariki nayo iliyaona hayo. Mjini Unguja, Hassanali Adamali Jariwalla alifungua ukumbi wa Royal mwaka 1921. Ukumbi huo, ambao baadaye uliitwa Majestic, uliteketea mwaka 1953, ukajengwa upya kufikia mwaka 1955. Ng’ambo ya pili ya mpaka wa Gisenyi, katika Kongo ya Mbelgiji, mambo yalikuwa na ugumu wa namna nyingine: amri ya mwaka 1945 iliwazuia Waafrika kutazama filamu ambazo serikali ya kikoloni haikuziidhinisha kwa ajili yao, na mapadri waliwatengenezea filamu zao za mafundisho.

Rwanda yenyewe imekuja kuwa na sinema yake. Mwaka 2001 ilitoka filamu iitwayo 100 Days, iliyotengenezwa na Nick Hughes na Eric Kabera, juu ya mauaji ya kimbari. Mwaka 2005 ilianza tamasha ya filamu ya Rwanda, ambayo ilisafiri vilimani ikiwa na skrini kubwa inayojazwa upepo, na kwa ajili hiyo watu wakaipa jina la Hillywood. Mwaka 2019 Joël Karekezi alituzwa tuzo kubwa ya tamasha ya FESPACO huko Ouagadougou kwa filamu yake juu ya askari wawili wa Rwanda waliopotea katika msitu wa Kongo wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998. Askari asomaye makala haya akiipata filamu hiyo aitazame, kwa maana adui mkubwa wa wale wawili ni njaa, malaria na mashaka yao wenyewe.

FILAMU NA MWENYE FILAMU

Hapo ndipo Kijana alipouliza swali ambalo Mzee alikuwa akilingoja. Filamu zinazopendwa zaidi katika kumbi ndogo za Rwanda ni zile ziitwazo agasobanuye. Hizo ni filamu za ng’ambo, za Marekani, Uhindi au China, ambazo mtu huzifasiri kwa Kinyarwanda akizungumza juu ya sauti za wachezaji, akieleza, akitania na kuongeza chumvi. Bingwa wa fani hiyo alikuwa Thomas Nkusi, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Uganda wana mabingwa wao wa namna hiyo, na Tanzania vilevile. Wananchi wengi wasiojua Kifaransa wala Kiingereza waliipenda sinema kwa kupitia sauti hizo.

“Je, Mzee,” Kijana aliuliza, “mwenye filamu hulipwa nini?”

Mzee alikiri kuwa kwa miaka mingi hakulipwa chochote. Alikiri pia kuwa alijua, maana Rwanda ilitunga sheria ya kulinda haki za watunzi mwaka 2009, na redio iliitangaza. Alimwambia Kijana wazi kuwa ukumbi wake ulikua kwa jasho la watu wengine, na kwamba hakutaka mwanafunzi wake aanzie pale alipoanzia yeye. Tangu siku hiyo walifanya mpango: kila mwezi onyesho moja liwe la filamu ya Rwanda au ya nchi jirani, ambayo mwenyewe ameombwa ruhusa kwa barua na kukubaliana juu ya sehemu yake ya kiingilio, na mwezi ukipita salama, maonyesho yawe mawili. Barua hizo aliziandika Kijana. Nyingine hazikujibiwa. Zilizojibiwa zilibandikwa ndani ya daftari, na sehemu ya mwenye filamu ilitolewa katika fedha kabla ya mishahara.

Hatusemi kuwa jambo hilo limekwisha. Ukumbi ule bado una deni ambalo halijalipwa, na Mzee mwenyewe ndiye asemaye hivyo. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa deni lilipo ana heri kuliko yule aliyefundishwa kulificha.

KUFULI

Sasa tufike kwenye mlango. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mdogo nyuma, unaotokea kichochoroni. Kijana aligundua kuwa vijana wa mtaani, kumi au kumi na watano, waliingia kwa mlango ule kila onyesho bila kulipa. Akiwa mwanafunzi wa hesabu, alipiga hesabu ya mwaka mzima, akashtuka. Alinunua kufuli kwa fedha zake mwenyewe, akalitia mlangoni, ufunguo akauweka mfukoni. Kwa juma moja mapato yalipanda. Jumapili jioni alimpelekea Mzee daftari kwa furaha.

Mzee alisoma, akauliza sababu ya mapato kupanda, akaambiwa. Hakusema neno. Alimpeleka Kijana ukumbini, akamkalisha benchi la mbele kabisa, akazima taa zote, akamwambia: “Moto umeshika mlango wa mbele. Toka.”

Kijana aliinuka gizani akapapasa. Aligonga goti, akagonga bega, akaufikia mlango wa nyuma, akausukuma. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akatia mkono mfukoni, na ufunguo haukuwamo. Alikuwa ameuacha katika koti lililotundikwa nje. Alisimama pale gizani mpaka Mzee alipowasha taa.

Ndipo Mzee alipomweleza habari ambazo kila mtu anayeshika ufunguo wa mahali pa umma yampasa kuzijua. Tarehe 31 Desemba 1929, katika mji wa Paisley nchini Uskoti, watoto walikuwa wakitazama sinema ya mchana katika ukumbi wa Glen. Mkanda uliokuwa ndani ya kopo ulianza kutoa moshi. Watoto walikimbilia njia ya kutokea, wakakuta imefungwa, wakalaliana. Sabini na mmoja walikufa, na hakuna aliyechomwa na moto. Waliuawa na msongamano na moshi mbele ya njia iliyofungwa. Tarehe 19 Agosti 1978 ukumbi wa Rex huko Abadan, Iran, ulitiwa moto watu wakiwamo ndani na milango ikiwa imefungwa; walikufa zaidi ya mia tatu. Tarehe 13 Juni 1997 katika ukumbi wa Uphaar mjini Delhi, transfoma ya umeme ilishika moto, moshi ukapanda, njia za kutokea zilikuwa zimezibwa, wakafa watu hamsini na tisa.

“Wote hao,” Mzee alisema, “walikuwa wamekwisha kulipa kiingilio.”

Kisha akaongeza habari ya nyumbani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, nao ujiji wa moto ukateremka kuelekea Goma. Watu walivuka mpaka usiku ule ule kuja Gisenyi, kama walivyovuka Januari 2002 ujiji ulipopita katikati ya Goma. Kwa siku kadhaa baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ya Rubavu ilitetemeka. Nyumba zilipasuka, na nyingine zikaanguka. Wakati huo kumbi za starehe zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, kwa hiyo ukumbi wa Mzee ulikuwa mtupu. Asubuhi moja alikuta ukuta wa mbele umepasuka kutoka darini hadi chini, na fremu ya mlango mkubwa imepinda, hata mlango haukufunguka. Alisimama nje akahesabu mabenchi kichwani. Kama si ugonjwa, watu wangalikuwa ndani.

Juma lile lile walimwita seremala. Kufuli liliondolewa. Mlango wa nyuma, ambao ulikuwa ukifungukia ndani, uligeuzwa bawaba ufungukie nje, maana umati ukisukuma mlango unaofungukia ndani huufunga wenyewe. Lilitiwa komeo ambalo aliye ndani huliinua kwa mkono mmoja, bila ufunguo, na aliye nje hawezi. Jirani aliyekuwa akipanga makreti ya chupa kichochoroni aliombwa kwa adabu ayaondoe. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu akakubali, baada ya Kijana kumsaidia kuyahamisha. Ndani ya mlango akawekwa kijana mmoja mwaminifu wa kuukalia, naye analipwa. Mapato yalishuka kidogo kwa ajili ya mshahara huo. Mzee aliandika daftarini sababu ya kushuka kwa neno moja: “Mlango.”

USIKU WA MOSHI

Miezi michache baadaye, Jumamosi moja, palionyeshwa filamu ya vita iliyosubiriwa na watu wengi. Mzee alikuwa na homa, akabaki nyumbani. Kijana aliachiwa ukumbi peke yake kwa mara ya kwanza. Kufikia saa moja usiku tiketi mia moja na arobaini zilikuwa zimekwisha.

Wakaja askari wanane waliokuwa mapumzikoni, wakiongozwa na sajini mmoja mtu mzima. Walikuwa na fedha zao mkononi, hawakuomba bure.

“Tutasimama ukutani,” sajini alisema. “Sisi tumezoea kusimama, kijana.”

“Samahani sana, Afande,” Kijana alijibu, “nafasi ni mia moja na arobaini, nazo zimejaa. Ukuta ule ndiyo njia ya watu. Lipo onyesho la pili saa tatu, na viti vyenu nitaviwekea alama sasa hivi.”

Watu waliokuwa karibu walinyamaza kuona itakuwaje. Sajini alimtazama, akachungulia ndani, akaiona njia iliyo tupu kando ya ukuta mpaka mlango wa nyuma. Akawageukia wenzake akasema, “Hiyo ni amri, na ni amri nzuri.” Wakaenda kunywa chai kibandani, ng’ambo ya barabara.

Filamu ilikuwa imefika katikati Kijana aliposikia harufu ya mpira unaoungua. Muuza soda alikuwa amechomeka jokofu lake katika waya ule ule uliobeba projekta, spika na feni. Waya ulikuwa umejikunja chini ya benchi, na moshi ulianza kufuka. Kijana alifanya mambo matatu kwa utaratibu aliofundishwa. Kwanza alikata umeme kwenye swichi kuu, hakumwaga maji. Pili aliwasha taa ya betri iliyotundikwa juu ya mlango wa nyuma, ili macho ya watu yaelekee huko. Tatu alisema kwa sauti kubwa lakini bila kupiga kelele ya hofu: “Onyesho limesimama. Mabenchi ya mbele tokeni kwa nyuma, mabenchi ya nyuma tokeni kwa mbele. Fedha zenu zitarudishwa kwa kipande cha tiketi.”

Maneno yale ya fedha yalisaidia kuliko yote, kwani mtu anayehakikishiwa haki yake hasukumani. Sajini na wenzake, walipoona watu wakitoka, walikuja mbio. Hawakuingia ndani kuziba mlango. Wawili walizuia pikipiki barabarani, wengine wakaenda kichochoroni kuwasogeza waliotoka ili wanaofuata wapate nafasi. Watoto walishikwa mikono. Ukumbi ukawa mtupu kabla moshi haujafika darini, na waya uliokuwa ukifuka ukazimwa kwa mchanga wa ndoo. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mwanamke mmoja aliyepoteza kiatu, akakipata asubuhi.

Kisha Kijana aliketi mezani barabarani, kwa mwanga wa tochi ya sajini, akarudisha fedha. Alihesabu vipande vya tiketi mia moja na ishirini na vinne. Watu kumi na sita walikuwa wamekwisha kwenda zao. Fedha zao, faranga 3,200, alizitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake idadi na tarehe. Onyesho la saa tatu halikufanyika.

Asubuhi alimpelekea Mzee habari, akitarajia lawama. Mapato ya usiku yalikuwa sifuri. Kulikuwa na waya wa kununua, seremala wa benchi, na mshahara wa mlinda mlango. Mzee aliuliza swali moja: “Walitoka wangapi?”

“Mia moja na arobaini, Mzee, pamoja na sisi watatu na muuza soda.”

“Umejuaje?”

“Nilihesabu tiketi kabla, na mlinda mlango alihesabu kule nyuma, nami huku mbele. Hesabu zilikutana.”

Mzee alimwambia aendelee kuiweka ile bahasha kwa majuma mawili. Walirudi watu tisa kudai haki yao, wakalipwa. Kwa fedha zilizobaki za wale saba, Mzee aliamuru ziandikwe katika safu ya deni, si ya faida.

NENO KWA ASKARI

Ndugu askari, kamanda mwenye busara hapeleki kikosi mahali ambapo hajui njia ya kurudi. Kuongoza ukumbi ni jambo la namna hiyo hiyo. Kwa hiyo uingiapo sinema, kanisani, msikitini au katika mkutano, kabla hujaketi tazama mlango wa pili uko wapi, na kama unafunguka. Ukiwa kazini mlangoni, usikubali pikipiki, mizigo au marafiki zako wauzibe. Ukiona kufuli katika mlango wa nyuma wa mahali palipojaa watu, usipite kimya. Mwulize mwenyewe kwa adabu, na asiposikia, mwulize kwa sheria. Na mlinda mlango akikwambia kuwa nafasi zimekwisha, hata kama una fedha na vyeo, mfuate yule sajini wa Gisenyi.

Kijana amekwisha kufanya mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Bado huja Jumamosi, na bado huanza kwa ufagio. Siku hizi yupo mwanafunzi mwingine mdogo anayemfuata nyuma akiandika. Juma lililopita huyo mdogo aliuliza kwa nini mlango wa nyuma usitiwe kufuli, maana watu wanaingia bure. Kijana hakujibu. Alimpeleka benchi la mbele, akamkalisha, akaenda kuzima taa.